Majani chai ni yetu, mbona hesabu ziwe za wengine?

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, Kericho na Bomet huwa na mazungumzo mamoja tu: bonasi. Kwenye matatu ya kwenda Litein, sokoni Kapkatet, kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo, kila mtu ana nambari yake. Huyu analalamika kwamba kiwanda chetu kimelipa kidogo kuliko cha jirani. Yule ametumiwa picha ya jedwali inayoonyesha pengo kati yetu na wenzetu wa Mlima Kenya. Mwingine anaapa kwamba ni wizi, na mwingine anasema ni ubora wa majani. Sauti ziko juu kweli kweli. Lakini uliza, "Hiyo nambari umeitoa wapi, na imepigiwaje hesabu?" Kimya.

Kijana mwenzangu, hasira hiyo ina sababu. Pesa za bonasi ndizo karo, ndizo mabati, ndizo deni la duka. Ila hasira bila hesabu imetusaidia nini miaka yote hii? Tunapiga kelele wiki mbili, mkutano mmoja unaitishwa, tunaambiwa "soko lilikuwa baya", tunarudi shambani. Mwaka unaofuata ni yale yale.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda unadhani ni cha watu wa Nairobi waliofunga tai: zile programu za kuchambua data ambazo kampuni nyingi sasa zinawapa wafanyakazi wa kawaida, ili kila mtu ajitafutie majibu mwenyewe bila kungoja mtu wa ICT.

Nieleze kwa mfano wa duka. Zamani kiosk ilikuwa na wavu wa chuma mbele. Unasimama nje, unaitisha sukari, mwenye duka anakupimia, anakupa. Huwezi kugusa kitu wala kulinganisha bei. Ukitaka kingine, unapanga foleni tena. Kisha supamaketi ikaja. Unaingia mwenyewe na kikapu chako, unatazama, unalinganisha, unachukua unachotaka.

Ripoti za kampuni zilikuwa kama kiosk. Meneja akitaka kujua mauzo ya mwezi uliopita kwa kila tawi, alimwandikia mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu ana maombi thelathini mezani. Ripoti inakuja baada ya wiki mbili, na ikishafika, meneja anakumbuka kwamba alitaka kuona kwa wiki, si kwa mwezi. Basi foleni tena. Programu hizi mpya zimeondoa wavu. Data inawekwa mahali pamoja, na mwenye ruhusa anaingia mwenyewe, anabofya, anachuja, anapata chati papo hapo.

Wala si mambo ya jana. Tableau ilianzishwa Marekani mwaka wa 2003. Microsoft ilifungua Power BI kwa umma mwaka wa 2015, na toleo lake la kutengenezea ripoti kwenye kompyuta ya Windows ni la bure. Unalipa ukitaka kuwashirikisha wengine kazini. Google nayo ina Looker Studio, ambayo zamani iliitwa Data Studio, na inafanya kazi ndani ya kivinjari tu. Hata Excel, ile uliyofundishwa kozi ya kompyuta ukiwa unangoja matokeo ya KCSE, ina uwezo ambao wengi hawajawahi kuugusa. Kwa hivyo usiniambie eti zana ni ghali. Tatizo liko kwingine.

Tatizo ni kwamba supamaketi imefunguliwa, lakini mlango uko upande wa ofisi peke yake. Sisi tunaoleta bidhaa bado tuko nje ya wavu.

Hebu fuata kilo moja ya majani. Mama anachuma majani mawili na chipukizi, anabeba hadi kituo cha kununulia. Karani anapima kwa mizani ya kielektroniki, na risiti inatoka ikiwa na nambari ya mkulima na kilo zake. Sekunde hiyo hiyo data imezaliwa. Lori linakuja, linabeba hadi kiwandani, linapimwa tena. Majani yananyaushwa, yanakatwakatwa, yanachachushwa, yanakaushwa, yanachambuliwa kwa daraja. Inachukua takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyo tayari. Halafu magunia yanaenda Mombasa, ambako mnada wa kila wiki umekuwa ukiendeshwa kidijitali tangu 2020. Kila hatua kuna nambari: kilo, saa, daraja, bei, dola, makato ya mbolea.

Kwa maneno mengine, watu wetu ni wazalishaji wakubwa wa data. Nchi nzima, wakulima wadogo zaidi ya nusu milioni wanapeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Hapa kwetu ni Momul, Tegat, Litein, Kapkatet, Kapset, Kapkoros, Mogogosiek na vinginevyo. Na kumbuka, KTDA ilianza mwaka wa 1964 kama chombo cha serikali, lakini tangu ubinafsishaji wa mwaka 2000 viwanda hivi ni kampuni ambazo wenye hisa ni wakulima wenyewe. Kwa hivyo mama yako kiwandani si mteja tu. Ni mwenye mali. Sasa niambie, ni mwenye mali gani duniani anayepewa risiti za karatasi na ujumbe mfupi wa simu, halafu mwisho wa mwaka anasomewa nambari moja kwenye mkutano, akiambiwa apige makofi au aende nyumbani?

Usidhani nataka tu tupate silaha ya kugombana na kiwanda. Kuna pesa inapotea ambayo hata kiwanda chenyewe kingependa kuiokoa. Chukua suala la lori. Kila mkulima anajua kwamba majani yakishindiliwa kwenye magunia na kungoja muda mrefu, yanapata joto, yanaanza kuharibika. Chai inayotoka hapo haina ubora ule, na Mombasa wanunuzi wanaionja kabla ya kununua; hawadanganyiki. Sasa fikiria karani wa kituo, kijana aliyemaliza diploma, ameruhusiwa kufungua data ya kituo chake kwenye simu au kompyuta. Anauliza swali moja tu: siku gani lori letu huchelewa, na kwa saa ngapi? Anaona kwamba ni siku zinazofuata mvua kubwa, kwa sababu kuna kipande kimoja cha barabara kinachoteleza. Anaenda kwa mkurugenzi wa eneo akiwa na chati badala ya malalamiko. Mkurugenzi anaenda kwa mwakilishi wa wadi akiwa na chati hiyo hiyo. Hapo mnazungumza lugha tofauti kabisa na ile ya "barabara yetu ni mbaya tafadhali".

Au chukua mvua ya mawe, ambayo Kericho inaifahamu sana. Ikinyesha inaharibu ukanda mmoja na kuacha mwingine. Data ya vituo ingeonyesha wiki hiyo hiyo nani ameumia na kwa kilo ngapi, badala ya kungoja afisa azunguke na daftari. Maswali kama haya hayahitaji profesa. Yanahitaji mtu anayelijua eneo. Mtaalamu wa ICT aliyeketi Nairobi hawezi kuyauliza, kwa sababu hajawahi kusukuma lori lililokwama pale kwenu. Nguvu ya programu hizi iko hapo hapo: zinampa anayejua kazi nafasi ya kuuliza swali lake mwenyewe.

Sasa nikuonye, kwa sababu wengine mtaruka na kuanza kuchora chati usiku huu. Chati inaweza kudanganya kuliko mdomo, tena ikiwa na rangi nzuri inaaminika zaidi.

Tuseme rafiki yako ameona kwamba chai ya kiwanda chenu imeuzwa Mombasa kwa shilingi 300 kwa kilo. Nyumbani mama amelipwa shilingi 30 kwa kilo, jumla ya malipo yote. Anachora nguzo mbili, moja ndefu kama mkaratusi, nyingine fupi kama kisiki, anaandika juu yake "WANAKULA MARA KUMI!" Kabla ya jioni imezunguka hadi Sotik na Bomet mjini. Lakini kilo moja ya mnada ni chai kavu, na kilo ya mama ni majani mabichi. Gawanya 300 kwa nne na nusu: unapata kama shilingi 67 kwa kilo ya majani. Pengo halisi la kuuliza ni kati ya 67 na 30. Bado ni pengo kubwa! Bado tunataka kujua kuni, umeme, mishahara, usafiri, riba na ada ya usimamizi vimechukua ngapi. Lakini ukienda kwenye mkutano na hoja ya "mara kumi", meneja atakuzima kwa sentensi moja na watu watakucheka. Ukienda na 67, itabidi akae chini mhesabiane.

Mtego wa pili ni wa wastani. Tuseme kiwanda kimoja kilinunua kilo milioni nane na kulipa shilingi 30, na kingine kilo milioni mbili na kulipa shilingi 50. Mtu akikuambia kwamba wastani wa eneo ni shilingi 40, amejumlisha 30 na 50 akagawa kwa mbili. Lakini wakulima wengi wako kwenye 30. Ukihesabu kwa kilo zote milioni kumi, wastani ni shilingi 34. Nambari zote mbili zinatoka kwa data ile ile. Moja inawapendeza wanaotaka kusema mambo ni mazuri, nyingine inasema ukweli wa mifuko ya watu. Programu haitakuambia ni ipi ya kutumia. Itachora yoyote uliyoiambia, bila aibu.

Hii ndiyo hoja ya wakuu wengi wanaoogopa kufungua data. Wanasema: tukimruhusu kila mtu ajichukulie, kila mtu atakuja na jibu lake, mikutano itageuka vita vya chati. Na hofu hiyo si upuzi. Yametokea katika kampuni nyingi zilizozikumbatia programu hizi kwa pupa. Idara ya mauzo inakuja na jumla yake, ya fedha na yake, na saa nzima ya mkutano inaisha kwa kubishana nani yuko sahihi.

Lakini dawa ya fujo si kurudisha wavu wa kiosk. Supamaketi nayo ingekuwa fujo kama kila pakiti ingekuwa na kipimo chake. Inafanya kazi kwa sababu kilo ni kilo na bei imebandikwa. Hivyo hivyo kwenye data: kwanza mkubaliane maneno. "Malipo" maana yake ni ya mwezi pekee au pamoja na bonasi? Kabla ya makato au baada? "Kilo" ni ya mizani ya kituo au ya mizani ya kiwandani? "Mwaka" unaanza Januari au Julai? Andikeni kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kikipsigis, mbandike kila kituo. Kisha data iwe moja, kutoka mahali pamoja, na kila chati iseme imetoka wapi na tarehe gani. Baada ya hapo mwache kila mtu aulize atakavyo.

Na siri za watu je? Swali zuri. Kilo za jirani yako na deni lake la mbolea si biashara yako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda. Lakini si lazima kuonyesha mtu mmoja mmoja. Jumla za kituo, saa za lori, bei za mnada kwa daraja, gharama za kiwanda: hizo hazimvui mtu nguo. Tena sheria hiyo hiyo inakupa haki ambayo wengi hawaijui. Data inayokuhusu wewe mwenyewe unaweza kuiitisha, tena ikiwa katika muundo wa kawaida ambao kompyuta inaweza kuusoma, si picha ya karatasi. Maana yake mama yako anaweza kuomba kilo zake zote na makato yake kama faili. Na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mwingine, kama unaihitaji ili kulinda haki yako. Sheria ziko. Ni nani kati yetu amewahi kuandika barua?

Kuna upande mwingine ambao lazima tuuseme, hasa kwa wenzetu walio kwenye mashamba makubwa. Hayo mashamba yamekuwepo tangu miaka ya 1920, na wenyewe hubadilika. Siku hizi mwenye shamba anaweza kuwa Colombo huku mchumaji akiwa Kericho. Programu hizi zinamwezesha aliye mbali kuona kilo za kila kikosi kabla hajamaliza chai yake ya asubuhi. Hapo data si mlango, ni jicho. Mchumaji anapangwa kwenye orodha kama mwanafunzi, wa kwanza hadi wa mwisho, na orodha haisemi kwamba jana alipewa sehemu ya mteremko, au kwamba ni mjamzito, au kwamba kichaka chake kilipogolewa mwezi uliopita. Mei 2023 tuliona mashine za kuchuma chai zikichomwa hapa Kericho kwa hofu ya kazi kupotea. Mashine ya kuchuma inaonekana kwa macho, unaweza kuandamana mbele yake. Ile ya kuhesabu haina moshi wala kelele. Utaijua siku umeambiwa mkataba wako hautaongezwa.

Kwa hivyo vyama vya wafanyakazi navyo vina kazi hapa. Kama kampuni ina chati ya mchumaji, mchumaji aione chati yake. Kama meneja anaruhusiwa kuuliza "nani ni mzembe?", mwakilishi wa wafanyakazi aruhusiwe kuuliza "ni sehemu gani za shamba zinachosha watu bure?" kwenye data ile ile.

Najua utaniambia, "Sasa mimi nitaanzia wapi? Sina kazi kiwandani, sina hata laptopu." Anza na mfuko wa karatasi ulio chini ya kitanda cha mama. Risiti zile. Chukua simu, fungua jedwali la bure la Google, andika safu nne: tarehe, kituo, kilo, makato. Ingiza za mwaka mmoja. Jioni mbili tatu, umemaliza. Kisha muulize mama maswali. Mwezi gani kilo zilishuka? Mbolea ilifika kabla au baada ya mvua? Kilo za mwaka mzima ukizidisha kwa bei, zinafanana na zilizoingia benki? Ikifanana, vizuri, umejifunza kazi. Isipofanana, sasa una swali lenye tarehe na kilo, si uvumi.

Kisha tafuta watatu wenzako kutoka kituo kimoja, wenye ruhusa ya wazazi wao, mlinganishe. Ukiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga au chuo cha Bomet, usiandike mradi wako wa mwisho juu ya data ya maduka ya Marekani uliyopakua mtandaoni. Andika juu ya kituo cha kwenu. Ukimaliza utakuwa na ujuzi ambao mwajiri yeyote anaulizia, na kijiji kitakuwa na mtu wa kumtuma mkutanoni.

Na mkutano mkuu wa mwaka wa kiwanda ukifika, msiende kupiga makofi au kutupa viti. Nendeni na ombi moja lililoandikwa, lenye saini za wenye hisa: tupeni faili. Kilo kwa kila kituo kwa kila mwezi, mauzo kwa kila daraja, gharama kwa kila aina. Faili, si bango, si hotuba. Mkurugenzi anayetaka kura yako akikataa, mwulize mbele ya watu sababu ni gani. Uchaguzi wa wakurugenzi huja, na wazazi wetu wana kura.

Bonasi haitapanda kwa sababu tumechora chati. Bei ya Mombasa inategemea wanunuzi wa Pakistan na Misri, dola, na mvua. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupewa kidogo ukajua kwa nini, na kupewa kidogo ukaachwa kukisia. Kizazi cha wazazi wetu kilikisia. Sisi tuna simu mkononi, tuna programu za bure, tuna sheria. Oktoba ijayo, mtu akikutumia jedwali kwenye WhatsApp, usilisambaze kwanza. Uliza limetoka wapi. Kisha fungua lako.